Chupa Iliyofunguliwa Kabla Hatujafika

Tangu turudi sina amani kwenye treni ya asubuhi. Nikikaa tu, kuna mtu ananigonga begani: "Gaspard, wazee walikunywa au hawakunywa?" Kanisani ni hivyo hivyo, na kwa kinyozi wetu pale Södertälje, Sweden, ndiyo usiseme, maana pale mtu amenyolewa nusu kichwa na bado anataka habari. Nimeona niiandike safari yote mara moja, kila mtu aisome.

Kwa wasiojua ilianzaje: Divine ni nesi kwenye hospitali kubwa ya Flemingsberg. Amelelewa na shangazi yake, Mama Perpetua, Mrundi wa milima ya juu ya Rumonge, ambaye kabla ya vita alijulikana mlima mzima kwa pombe yake ya ndizi. Divine alimpenda Rémi, kijana wa Kifaransa aliyekuwa akisoma chuo kilicho jirani na hospitali. Rémi hana baba. Ana babu tu, na babu ana shamba la mizabibu kule Ufaransa ambalo ukoo wao umelishika tangu enzi za wafalme. Mama Perpetua alipoambiwa habari hizo alisema maneno machache: "Nitakunywa na mzee wa nyumba yao, ndipo mtaoana. Nisipokunywa naye, hakuna ndoa." Divine akamwapia kuwa itakuwa hivyo, na Divine akiapa ameapa.

Kwa haki, wao ndio wangekuja kwetu. Lakini mzee ana nyonga mbovu, na zabibu zilikuwa karibu kuiva. Alitupa siku moja: Jumamosi, saa sita mchana. Jumatatu yake mavuno yanaanza, na mavuno yakianza haoni mtu. Basi wakanichagua mimi niwe msemaji, kwa sababu Kifaransa nilikisoma sekondari Uvira, kule Kongo, na kwa sababu nimehama miji mingi kiasi kwamba watu wanadhani najua njia zote.

Södertälje hadi darajani

Mama Perpetua hapandi ndege. Ndege ya mwisho aliyopanda ndiyo iliyomtoa kambi ya wakimbizi, na anasema moja inamtosha. Kwa hiyo tulikwenda kwa basi, sisi watatu na kapu lake. Ndani ya kapu mlikuwa na chapati, samaki wadogo wa ndagala wa kukaanga, mayai ya kuchemsha, na chupa za maji ambazo vifuniko vyake alivikagua kimoja kimoja kabla hatujatoka.

Mliotoka kwetu mnaijua desturi hii. Iwe Bujumbura, iwe Uvira, mhudumu akikuletea chupa iliyokwisha kufunguliwa unairudisha. Aifungue mbele yako. Wengi wetu tunafanya hivyo kwa mazoea tu. Mama Perpetua ana sababu yake. Mume wake alikunywa harusini kwa jirani, kibuyu kikiwa kimetolewa chumba cha ndani, na wiki iliyofuata akazikwa. Huenda ilikuwa sumu, huenda ilikuwa ugonjwa. Hajawahi kujua, na huko kutokujua ndiko kunakomla. Tangu siku hiyo hagusi kinywaji kilichofunguliwa mahali asipoona, na mwenye nyumba asipotangulia kunywa yeye haanzi.

Basi lilikufa kabla ya Jönköping. Mkanda wa injini ulikatika, tukateremshwa kando ya barabara katikati ya misonobari, upepo unatupiga. Dereva alisema nusu saa. Baada ya saa moja akasema tena nusu saa. Divine alikuwa anatembea mbele na nyuma na simu mkononi.

"Tukichelewa Hamburg, tumechelewa kote," alisema kwa Kiswidi.

"Sema kwa lugha ambayo Mungu pia anaisikia," shangazi yake akamjibu.

Abiria mmoja, fundi wa mapaa kutoka Poland, alitoa mfuko wa plamu akawa anagawa. Niliogopa. Mama Perpetua alizipokea mbili kwa mikono miwili, akazifuta kwa khanga, akala.

"Hizi hajazifungua mtu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Mungu mwenyewe ndiye aliyezifunga."

Tulipovuka daraja la kwenda Denmark tulikuwa nyuma kwa saa tatu na nusu.

Hamburg

Basi la Paris lilikuwa limeondoka. Lililofuata lingetufikisha kwa kubana sana, na kama treni ya kutoka Paris nayo tungeikosa, Jumamosi yetu ilikuwa imekwisha.

Kwenye kituo Divine alimnunulia shangazi yake soda. Muuzaji, mama mmoja mnene mwenye tabasamu, aliona mgeni mzee mwenye baridi, akamhurumia, akaifungua kabla ya kumpa na kumwekea mrija. Mama Perpetua aliinamisha kichwa kumshukuru. Kisha akaiweka chupa juu ya benchi, akaketi mbali nayo kama mtu asiyeijua.

Divine alilipuka. "Shangazi! Huyu mama anakujua wewe? Akuue kwa nini?"

"Sijasema ananiua. Nimesema sina kiu."

"Na kule mezani kwa babu yake Rémi utakuwa huna kiu?"

"Kule watafungua mbele yangu. Watu wenye heshima hufungua mbele ya mgeni."

Divine akanigeukia. "Tonton," alisema, maana huniita mjomba kwa Kifaransa, "mpigie Rémi. Mwambie, wewe ndiye msemaji."

Hapa ndipo nilipokosea, na nyote mnaonipongeza mjue hivyo. Nilichukua simu, nikasogea pembeni, nikajaribu kuipanga sentensi kwa Kifaransa. Kila nilipoigeuza ilitoka vilevile: tafadhali msitutilie sumu. Unawaambiaje hivyo watu unaotaka wawe wakwe zako? Nikamwambia Rémi tumechelewa, nikamwambia asituonee hasira, nikakata.

"Umemwambia?" Divine aliuliza.

"Mambo yatakuwa sawa," nikasema. Hilo si jibu, naye alijua.

Paris hadi kituo kidogo

Sitawasimulia Paris, maana sikuiona. Niliona ngazi. Nilibeba kapu na mifuko miwili nikikimbia ngazi za kushuka na za kupanda, huku Mama Perpetua akinifuata kwa mwendo wake uleule wa kwenda misani. Treni tuliyoitaka ilifunga milango tukiitazama. Iliyofuata ilikuwa inasimama kila kijiji.

Divine alikaa dirishani. Alikuwa amevaa nguo yake nzuri ya kitenge tangu Hamburg ili asipoteze muda wa kubadilisha, na sasa ilikuwa imekunjamana magotini. Shangazi yake alimenya yai akampa. Alilishika tu.

Saa sita ilipita tukiwa tumesimama kwenye kituo fulani bila maelezo. Saa saba nayo ikapita. Nilikuwa nikitazama vilima vya nje na kujiambia kwamba nimewahi kusafiri wiki nzima juu ya magunia ya mihogo bila kuuliza saa, na leo nahesabu kila dakika.

Tulishuka saa tisa na nusu. Rémi alikuwa anatungoja juani, shati limelowa mgongoni. Alimkumbatia Divine harakaharaka, akamsalimia Mama Perpetua kwa Kirundi alichofundishwa, "Mwaramutse", ambayo ni salamu ya asubuhi. Mama Perpetua alicheka kwa mara ya kwanza tangu Södertälje.

"Babu amekwisha kula?" nilimuuliza.

"Hapana. Amekaa mezani tangu saa sita. Amekataa hata mkate."

Kati ya mizabibu

Njia ya kwenda nyumbani inapita katikati ya mashamba, mistari ya mizabibu imenyooka kama imechorwa kwa rula, na vichala vyeusi vinaning'inia chini karibu na udongo. Mama Perpetua alimwambia Rémi asimamishe gari. Nilitaka kupinga, lakini yeye alikuwa ameshafungua mlango. Alichuchumaa, akaushika mti pale unapotoka ardhini, palipo na uvimbe kama goti.

"Huu una kovu," alisema.

Rémi alieleza nami nikatafsiri. Zamani za babu wa babu yake, mdudu mdogo mfano wa chawa alikula mizizi ya mizabibu nchi nzima, na wakulima wakang'oa kila kitu wakalia. Mwisho wakaleta mizizi kutoka Amerika, ambayo mdudu huyo haiwezi, wakachomeka juu yake matawi ya mizabibu yao. Mpaka leo kila mti ni hivyo.

"Kumbe hata hawa wanasimama kwa miguu ya kuazima," alisema Mama Perpetua, akaupigapiga ule mti kama mtu anayempa pole mwenzake.

Njiani aliuliza maswali ya mtu wa kazi. Mnakamua kwa kitu gani? Mnafunika kwa siku ngapi? Rémi alimwambia wanaziacha zabibu na maganda yake kwenye mapipa makubwa, maganda yanapanda juu yakichemka yenyewe, nao wanayasukuma chini mara kadhaa kwa siku. Kisha wanakamua na kuweka kwenye mapipa ya mwaloni mwaka mzima na zaidi. Mama Perpetua akatikisa kichwa. Yeye alikuwa anakamua ndizi kwa majani makavu, anatia unga wa mtama, anafunika, na siku ya tatu watu wamefika.

"Mwaka mzima! Wageni wenu wanangoja wapi?"

Rémi alicheka, na katika kucheka huko akatamka yale niliyokuwa nayaogopa tangu Hamburg. Babu, alisema, ameitoa chupa ya mwaka aliozaliwa marehemu baba yake Rémi. Divai ya umri huo ina tope chini, kwa hiyo haifunguliwi mezani. Inafunguliwa kule chini ya ardhi inakolala, inamiminwa polepole kwenye jagi la kioo, mshumaa ukiangaza shingo ya chupa, mpaka tope linapokaribia kutoka.

"Ameifungua lini?" niliuliza.

"Saa tano asubuhi. Alijua mnafika saa sita."

Nilimtazama Divine kwenye kioo cha gari. Alikuwa amesikia, Kifaransa anakielewa. Mama Perpetua aliuliza, "Anasema nini?" Nikamwambia anasema tumekaribia.

Mezani

Nyumba ni ya mawe ya manjano, paa lake limelala kidogo upande mmoja. Mzee alitupokea amesimama, fimbo mkononi, koti na tai kwenye joto lile. Jina lake Monsieur Anselme. Niliomba radhi kwa kuchelewa. Alisema mabasi ndivyo yalivyo. Hakutabasamu, lakini alimvutia Mama Perpetua kiti mwenyewe.

Jagi lilikuwa katikati ya meza, limefunikwa kitambaa cheupe. Mama Perpetua aliliona kabla hajakaa.

"Chupa yake iko wapi?" aliniuliza kwa Kirundi, lugha anayoitumia akiwa hana mzaha.

"Iko chini. Ni kazi yao, Mama, inafunguliwa hukohuko."

Mzee alimimina kidogo kwenye glasi ya Mama Perpetua, halafu yangu, ya Divine, ya Rémi, na ya kwake mwisho. Rangi yake ilikuwa kama tofali la zamani. Akaweka jagi chini, akakunja mikono, akangoja. Mama Perpetua naye akakunja mikono, akangoja.

Nzi alitembea ukingoni mwa sahani ya jibini na sote tukamtazama.

"Bibi amechoka?" mzee akauliza.

"Safari ilikuwa ndefu," nikasema.

"Divai hii haingoji. Ikifunguliwa ina saa yake, kisha inaondoka."

Rémi alinyoosha mkono kwenye glasi yake ili aanzishe. Babu yake aliinua kidole kimoja tu. "Mgeni kwanza." Basi nikasema mimi ni mgeni pia, nitaanza. Mama Perpetua hakunitazama. "Wewe si mwenye nyumba," alisema. "Ukinywa wewe nitajua nini?"

Nikajaribu ujanja. Nilimwambia mzee kwamba kwetu, kwa heshima, mwenye nyumba ndiye hutangulia kuonja, na mgeni hufurahi sana akiona hivyo. Nilidhani nimepata mlango.

Uso wa mzee ulijifunga. Aliniuliza, kwa sauti ya chini, "Anataka nitangulie mimi?"

Rémi alisema, "Babu, hawajui," lakini mzee alikuwa ameanza. Wakati wa vita, Wajerumani walipoikalia nchi, maofisa walikaa katika nyumba hii. Baba yake alikuwa ameficha divai nzuri nyuma ya ukuta wa uongo, na waliyoiona aliwapa. Kila chupa, kila jioni, walimsimamisha mwisho wa meza hiihii na kumwamuru atangulie kunywa, wamtazame kama ataanguka. Walikuwa wanacheka. Mzee aliyaona kwa macho yake. Walipoondoka, baba yake alisema hakuna mtu wa damu yao atakayetangulia kunywa tena mbele ya mgeni katika nyumba hiyo, na hakuna aliyewahi.

"Na leo," mzee alisema, "mnataka nianze?"

Divine alisimama. Alisema kwa Kiswidi kwamba yamekwisha, twende. Rémi akamshika mkono. Mimi nilikuwa natafuta sentensi nyingine ya kupaka mafuta.

Mama Perpetua aliweka kiganja mezani. "Gaspard. Kasema nini? Usinipunguzie."

Nikamwambia yote. Nilipofika kwenye kucheka kwa wale maofisa alifumba macho.

"Aliona mwenyewe, baba yake akifanywa hivyo?"

"Aliona."

"Haya. Sasa mwambie ya mume wangu. Nayo usiipunguze."

Ndipo nilipoyasema yale niliyoshindwa kuyasema kwa simu Hamburg: kibuyu, chumba cha ndani, wiki moja, kaburi, na kwamba hajui mpaka leo. Nilimwambia kwamba bibi huyu hamshuku yeye, anaogopa tu, na kwamba kosa ni langu mimi niliyejua na kunyamaza. Mzee alisikiliza akimtazama yeye, si mimi.

Kisha mkono wake wenye mabaka ukaanza kwenda kwenye glasi, polepole. Rémi aligeuza uso. Vidole vilikuwa vimeshagusa kioo pale Mama Perpetua alipoinuka kwenye kiti, akaweka kiganja chake juu ya glasi ya mzee na kuifunika.

"Mwambie hapana," alisema. "Kwetu mkubwa halazimishwi."

Akachukua glasi yake mwenyewe, akapiga ishara ya msalaba, akanywa. Si kuonja. Alikunywa yote.

Divine alikuwa amejiziba mdomo. Mama Perpetua alisimama wima, macho ukutani, kama mtu anayesikiliza kitu ndani ya mwili wake. Kisha akakunja uso.

"Anasemaje?" mzee akauliza.

Alikuwa amesema, "Imekufa." Nilimwambia mzee kwamba anaisifu.

"Uso wake hausemi hivyo."

Nikakubali. "Amesema imekufa."

Mzee alichukua glasi yake, akanywa, akaitua. "Imekufa tangu saa nane," alisema. "Nilikuwa nakaa hapa najua. Nilikuwa nasubiri muisifie hivyohivyo." Mabega yake yakaanza kutikisika, na ilituchukua muda kuelewa kwamba anacheka. "Muulize, kwao iliyokufa wanaifanya nini?"

"Tunaimwaga," Mama Perpetua alijibu, "tunatengeneza nyingine."

Chini ya ardhi

Safari ya kurudi haina hadithi. Basi halikuharibika. Kwa hiyo namalizia palipotokea jambo lenyewe.

Mzee alidai tushuke wote. Ngazi ni za mawe, zimeliwa katikati na miguu ya watu wa miaka mingi, na wale wazee wawili walizishuka wameshikana, sijui nani alimsaidia nani. Kule chini ni baridi, na mapipa yamelala safu kwa safu. Mzee alituonyesha mahali ukuta wa uongo ulipokuwa. Kisha akamwambia Mama Perpetua achague.

Alipita chupa za zamani zenye vumbi bila kuzitazama. Alichagua ya mwaka juzi.

"Hii bado ni mtoto," mzee alionya.

"Basi iko hai," alisema yeye.

Mzee akampa kizibuo. Mama Perpetua hakuwa amewahi kukitumia. Aliibana chupa kati ya magoti, kitenge kimekazwa, akavuta, na kizibo kikatoka kwa mlio uliowafanya Divine na Rémi wapige makofi. Mzee alimimina glasi mbili tu, zikajaa sawasawa. Wakasimama wanatazamana, glasi mkononi.

Harusi ni baada ya mavuno. Wazee walikunywa. Ila kinyozi anataka kujua nani alitangulia, na hilo siwezi kumjibu, kwa sababu wakati ule niligeuka makusudi nikawa nasoma maandishi ya chaki juu ya pipa, na sikugeuka mpaka niliposikia glasi zote mbili zimewekwa chini.